Umuhimu wa Kusoma Vitabu vya Biashara na Viwanda

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa vijana na wafanyabiashara wadogo, Dar es Salaam. Tunaichapisha kwa faida ya wasomaji wetu.)



Mada niliyopewa leo ni faida ya kusoma vitabu vinavyoeleza jinsi biashara na viwanda vinavyoendeshwa. Najua baadhi yenu mnasema moyoni: sisi ni wauza nguo, wenye maduka ya rejareja na mafundi; vitabu hivyo ni vya wasomi wa vyuo vikuu. Nami nilikuwa na fikra hiyo hiyo, na ilinipotezea rafiki.

Miaka mingi iliyopita, mimi na mwenzangu tulichanga fedha zetu tukanunua robota moja la mitumba. Kazi ya kwenda kulichagua ghalani nilimwachia yeye. Tulipolifungua, tulikuta nguo zilizochakaa na makoti mazito ya baridi, ambayo katika joto la mji huu hakuna aliyeyataka hata kwa bure. Mtaji wetu ukakatika. Mimi sikujiuliza robota lile lilifungwa wapi, na nani, wala kwa utaratibu gani. Nilimtazama aliye karibu nami, nikasema mbele ya watu kwamba amekula njama na muuzaji. Mwenzangu hakujibu neno. Aliinuka, akaenda zake.

Baadaye nilipata kitabu cha Pietra Rivoli, profesa wa Chuo Kikuu cha Georgetown nchini Marekani, kilichotoka mwaka 2005. Mwaka 1999 bibi huyo alimsikia mwanafunzi mmoja akiwauliza wenzake katika mkutano: ni nani aliyeishona fulana yako? Swali hilo halikumtoka. Akanunua fulana moja huko Florida kwa dola 5.99, akafuata safari yake: kutoka mashamba ya pamba ya Texas hadi viwanda vya Shanghai, kisha Marekani inakovaliwa, na mwisho, baada ya mwenyewe kuichoka, hadi soko la mitumba. Na soko hilo ni lipi? Ni Manzese, ndugu zangu, Manzese hii hii.

Humo ndimo nilimosoma habari za robota. Nguo ambazo watu wa huko huzitoa sadaka, nyingi huuzwa kwa uzito kwa makampuni ya kuchambua. Wachambuaji huzigawa katika madaraja mengi, huzishindilia na kuzifunga, nazo husafirishwa hadi kwetu. Mnunuzi wa huku haoni kilichomo mpaka alifungue. Faida ya robota zima yaweza kutegemea vipande vichache tu vizuri. Kwa hiyo mfanyabiashara mzoefu hununua kwanza uaminifu wa mtu, ndipo anunue robota lake.

Kitabu kile hakikuniambia kwamba mwenzangu hakuwa na hatia. Kiliniambia kwamba hasara yetu ingeweza kutokea bila ya kuwapo mwizi yeyote, nami nilikuwa nimehukumu bila ya kujua. Nilimtafuta, nikamwomba radhi. Alinisamehe. Lakini hatukufanya biashara pamoja tena.

Ndugu wasikilizaji, hiyo ndiyo faida ya kwanza ya vitabu hivi. Mtu asiyejua kazi yake inavyokwenda, kila hasara huitafutia mchawi au mwizi, na kwa kawaida humkuta jirani.

Faida ya pili ni kutuonyesha mambo yanayoamuliwa mbali na meza zetu. Bibi Rivoli alieleza jinsi mkulima wa pamba wa Texas anavyosaidiwa na ruzuku ya serikali yake, na jinsi nguo kutoka nchi nyingi zilivyowekewa mipaka ya idadi kuingia Marekani na Ulaya hadi mfumo huo ulipokoma mwaka 2005. Mambo ya namna hiyo yametufikia na sisi. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Rwanda ilipandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo. Na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia Rwanda nafuu ya ushuru kwa nguo zake. Je, muuza mitumba anaweza kupanga maisha yake bila ya kuyajua hayo?

Tazameni pia makontena yaliyopangwa bandarini petu. Marc Levinson alitoa kitabu kizima juu ya sanduku hilo mwaka 2006. Anaeleza kwamba tarehe 26 Aprili 1956 meli iitwayo Ideal X iliondoka Newark kwenda Houston ikiwa na makontena 58 ya Malcom McLean, aliyewahi kumiliki kampuni ya malori. Wakati huo kupakia tani moja ya mizigo ya kawaida melini kuligharimu dola 5.83, kwa meli ile gharama ilikuwa chini ya senti 16. Makuli wengi wa New York na London walipoteza kazi zao. Hawakuwa wavivu, wala hawakulogwa. Kazi yenyewe ilibadilika chini ya miguu yao.

Lakini si kila kitabu cha biashara ni mwalimu. Vipo vinavyoahidi utajiri kwa hatua saba. Hivyo mara nyingi humtajirisha aliyeviandika. Na hata vilivyo vizuri tuvisome kwa macho. Husimuliwa kwamba McLean alipata wazo la kontena mwaka 1937, akiwa amechoka kungoja lori lake lipakuliwe gatini. Levinson mwenyewe anakitia shaka kisa hicho kitamu. Naye John Carreyrou, katika kitabu chake cha mwaka 2018, alifichua habari za Theranos, kampuni ya kupima damu iliyowahi kuthaminiwa dola bilioni 9 ilhali mashine yake haikufanya kazi kama ilivyodaiwa. Walioweka fedha zao humo walikuwa matajiri na watu wenye vyeo. Walisifu bila ya kuuliza.

Kwa hiyo nawausieni: kila msomapo, ulizeni maswali matatu. Fedha inatoka wapi? Hasara inamwangukia nani? Mwandishi amejuaje? Vitabu vingi vya aina hii vimeandikwa kwa Kiingereza, na bei yake ni kubwa. Basi vijana watano wachange wanunue kimoja. Anayeijua lugha asome, awaeleze wenzake kwa Kiswahili, nao wamhoji kwa yale wanayoyaona sokoni kila siku. Muuza nguo wa Manzese anayajua mengi ambayo profesa alilazimika kusafiri maelfu ya maili ili ayajue.

Mimi nilisoma baada ya kumpoteza mtu. Someni ninyi kabla.