Asidi Amino ya Sita

Jioni hii tunao wazazi waliotoka moja kwa moja kliniki ya selimundu kuja kuketi nasi.

Mhadhara wa uprofesa humtaka msemaji aonyeshe uwanja wake. Biokemia ya mwili haiwezi kuonyeshwa yote kwa saa moja, kwa hiyo nimechagua protini moja, himoglobini, na ndani yake nafasi moja katika mnyororo wa asidi amino. Nina dai moja pia: kemia ya protini hii humpa kila mtoto anayezaliwa na selimundu muhula wa miezi michache ya usalama, na sisi wenye maabara tunauacha muhula huo upite bure.

Tuanze na seli nyekundu ya damu. Inapokomaa katika uboho wa mifupa huondoa kiini chake, kisha mitokondria zake. Kwa hiyo oksijeni inayoibeba mchana na usiku haiitumii yenyewe hata kidogo. Inaishi kwa kuvunja glukosi bila oksijeni. Nafasi iliyobaki hujazwa himoglobini, takribani molekuli milioni 270 katika seli moja. Baada ya siku 120 hivi seli huvunjwa, hasa katika bandama na ini, na chuma chake hurudi ubohoni kutengeneza seli mpya. Mtu mzima ana gramu 3 hadi 4 tu za chuma mwilini mwake, na karibu theluthi mbili ya chuma hicho imo ndani ya himoglobini. Hakuna ziada ya kuchezea, na ndiyo maana minyoo, malaria na mimba zinazofuatana humfanya mama apungukiwe damu upesi.

Molekuli ya himoglobini ina minyororo minne: miwili ya alfa, kila mmoja una asidi amino 141, na miwili ya beta, kila mmoja una 146. Kila mnyororo umeshikilia hemu moja yenye atomu ya chuma katikati, na hapo ndipo oksijeni inapokaa. Sasa sikilizeni jambo ambalo, miaka yote hii, bado hunifurahisha kulifundisha. Oksijeni ya kwanza ikishaketi, molekuli nzima hubadilika umbo, na zinazofuata huketi kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo mapafuni himoglobini hujaa haraka. Ikifika kwenye msuli unaofanya kazi inakuta kaboni dayoksaidi na asidi, na hivyo viwili huilegeza mikono iachie mzigo pale pale unapohitajika. Jambo hilo lilielezwa na Christian Bohr wa Copenhagen mwaka 1904. Umbo lenyewe lilikuja kuonekana baadaye sana: Max Perutz alianza kuichunguza himoglobini kwa eksirei huko Cambridge mwaka 1937, na ilimchukua zaidi ya miaka 20 kupata picha yake. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1962 pamoja na John Kendrew.

Nafasi ya sita ya mnyororo wa beta hukaliwa na asidi ya glutamiki. Ina chaji hasi, inapatana na maji, nayo hukaa upande wa nje wa molekuli bila kumsumbua yeyote. Kwa mwenye selimundu, herufi moja ya DNA imebadilika, A imekuwa T, na nafasi hiyo imekaliwa na valini, ambayo huyakwepa maji kama mafuta. Himoglobini ikiwa imebeba oksijeni, valini hiyo haina madhara. Ikishaiachia, umbo hubadilika, na kwenye molekuli ya jirani hufunguka kishimo kinachoipokea valini sawasawa. Molekuli zinashikana, zinakuwa nyuzi, na nyuzi zinaisukuma seli mpaka inajipinda. Ikirudi mapafuni hunyooka, lakini kujipinda huku kwa mara nyingi huuchosha utando wake, na seli iliyopaswa kuishi miezi minne hufa baada ya siku 10 hadi 20. Hapo ndipo upungufu wa damu unapotoka, na umanjano wa macho. Zile zinazokwama katika mishipa midogo huleta maumivu ambayo wazazi walio hapa wanayajua kuliko mimi.

Nyuzi hizi hazijitokezi papo hapo. Kuna muda wa kusubiri, na urefu wa muda huo unategemea mno ujazo wa himoglobini ndani ya seli. Seli nyingi huwahi kurudi mapafuni kabla nyuzi hazijaanza. Lakini seli ikipoteza maji hata kidogo, himoglobini husongamana na muda ule hupungua kwa kiasi kikubwa kupita upungufu wa maji wenyewe. Muuguzi anapomwambia mtoto anywe maji mara kwa mara, na mama aiwahi homa, anaongeza muda huo. Ningependa kila muuguzi ajue hivyo, kwa sababu ushauri unaoeleweka hutolewa kwa uthabiti zaidi.

Seli hizi zilizojipinda zilielezwa kwa mara ya kwanza katika maandishi ya kitabibu mwaka 1910, na James Herrick wa Chicago, katika damu ya mwanafunzi kutoka Grenada. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini yenyewe ndiyo iliyo tofauti, wakauita ugonjwa wa molekuli. Mwaka 1956 Vernon Ingram aligundua kwamba tofauti yote iko katika kipande kimoja kidogo cha protini hiyo, na mwaka uliofuata akaitaja asidi amino yenyewe.

Mwaka ule ule wa 1949, Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya na kusomea Oxford, alikuwa akikusanya damu za watu wa Afrika Mashariki. Aliona kwamba pwani na kando ya Ziwa Victoria wenye jeni moja ya selimundu walizidi asilimia 20, ilhali nyanda za juu hawakufika hata asilimia 1. Aliuona mpaka wa malaria. Alipochapisha matokeo yake mwaka 1954 wengi hawakumwamini. Leo tunajua, kwa kazi kubwa iliyofanyika Kilifi, Kenya, kwamba mtoto mwenye jeni moja hukingwa na malaria kali kwa takribani asilimia 90. Jeni hii ilibaki nasi kwa kuwa iliwaokoa babu na bibi zetu.

Nawaomba akina baba walio hapa wanisikilize. Mtoto mwenye selimundu ya aina hii amepokea jeni moja kwa mama na moja kwa baba. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa moja kati ya nne, na mtoto aliyetangulia habadilishi hesabu ya anayefuata. Mama anayefukuzwa kwake kwa kuwa “ameleta ugonjwa” anadhulumiwa, na anayemfukuza alichangia nusu.

Sasa nirudi kwenye dai langu. Tumboni mtoto hatumii mnyororo wa beta ila kidogo. Hutumia wa gama, ambao huishika oksijeni kwa nguvu zaidi ili aipate kutoka kwa mama yake kupitia kondo la nyuma. Gama haina valini ile. Mtoto huzaliwa akiwa bado amejaa himoglobini hii ya tumboni, nayo hupungua taratibu mpaka umri wa miezi sita hivi, na ndipo vidole huanza kuvimba na kilio kisichoelezeka kuanza. Dawa ya haidroksiyurea hufanya kazi kwa sehemu kubwa kwa kuirudisha himoglobini ya tumboni. Utafiti wa REACH uliofanyika Kenya, Uganda, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Angola ulionyesha kuwa hupunguza maumivu, maambukizi na vifo vya watoto wa Kiafrika. Tiba ya kuhariri jeni iliyoidhinishwa Uingereza mwishoni mwa 2023 inalenga himoglobini hiyo hiyo, ila bei yake nchini Marekani ni dola milioni 2.2.

Sizungumzii dola milioni. Nazungumzia tone la damu ya kisigino na kipimo kinachotoa jibu kwa chini ya robo saa. Mtoto aliyejulikana mapema anaanzishiwa penisilini kabla bandama yake haijaharibika, anapata chanjo ya nimonia kwa wakati, na mama yake anafundishwa kuipapasa bandama na kuitambua hatari. Mtoto asiyejulikana anaweza kufa kwa homa ya usiku mmoja, na ikaandikwa kwamba ni malaria. Chanjo ya BCG, ya kuzuia kifua kikuu, tayari hutolewa mara tu mtoto anapozaliwa. Naiomba wizara ya afya, na naiomba hospitali yetu ya kufundishia ianze bila kusubiri wizara: tone hilo lichukuliwe siku hiyo hiyo, mezani hapo hapo, kabla mama hajafungasha kurudi nyumbani. Maabara yangu iko tayari kuwafundisha watakaolipima.