Chakula kiko, lakini hakifiki kwa mutoto
Maneno yaliyosemwa kwenye mukutano wa washirika, Baraka, teritwari ya Fizi



Nimeombwa kusema juu ya kazi ya wanutrisionisti, wale wanaofundisha familia namna ya kulisha watoto. Wengi wanauliza: mufuko wa chama ni mudogo, kwa nini tulipe mutu wa kuja kusema juu ya chakula, na hatununui unga? Ni ulizo la haki.

Kule Lugufu na Nyarugusu chakula kilipimwa na wengine: unga, maharagi ao dengu, mafuta, chumvi, na ule unga wa uji wenye soja. Hakikutosha kila mara, lakini kuko mutu alifanya hesabu ya vile mwili unahitaji. Tuliporudi, hesabu ile ilibaki ngambo ya ziwa. Wasichana waliokomalia kambini leo ni wamama, na wengi hawajafundishwa kuifanya kwa chakula cha hapa.

Na chakula cha hapa kiko: muhogo, sombe, lengalenga, karanga, mawese, ndagala. Lakini angalieni njia yake. Ndagala, mayai na karanga vinaenda soko kutafuta pesa ya minerval na dawa. Mutoto anabaki na bugali na maji ya sombe. Tumbo linajaa, analala. Muhogo unatoa nguvu, lakini haujengi mwili. Kisha miguu inavimba, nywele zinageuka rangi, na watu wanasema amelogwa. Hapana, ni bwaki.

Kuko mutaalamu anakuja na picha za matofaa na maziwa ya kopo, anasema saa mbili, anaenda. Wamama wanapiga makofi, wanarudilia bugali yao. Mwenye tunahitaji ni yule anaanza kwa kuuliza: jana mulikula nini? Ndagala muliuza ngapi, mulibakisha ngapi? Kisha anapika pamoja nao, kwa sufuria yao na kuni zao.

Anafundisha vitu vidogo. Mutoto mpaka miezi 6, titi tu, hata maji hapana. Kisha uji muzito, na ndani yake unga wa ndagala iliyotwangwa nzima na mifupa yake. Mawese yasichomwe mpaka yageuke meupe, maana ule wekundu ndio unalinda macho. Soja ikaangwe vizuri mbele ya kusaga masoso. Muhogo muchungu ukae majini siku 3. Kupunguza siku juu ya kuwahi soko ni kucheza na konzo, na konzo inalemaza miguu.

Anafundisha pia kupima mukono wa mutoto tangu miezi 6 mpaka miaka 5. Chini ya sentimeta 11.5 ni rangi nyekundu: kituo cha afya siku ileile, hapo mafundisho peke hayatoshi. Kati ya 11.5 na 12.5 ni manjano, na hapo ndipo sufuria ya nyumbani inasaidia sana.

Lakini mama moja aliniambia: «Mimi nimesikia yote, mwenye kugawa pesa ni bwana.» Wababa, bila ninyi somo ni nusu.

Na mwenye hana kitu kabisa, maneno hayajazi sufuria yake. Kwa hiyo naomba mambo mawili. Washirika: mufuko wetu ukopeshe mbegu za karanga na soja kwa familia zenye watoto wa manjano, na kila nyumba ibakishe konzi moja ya ndagala mbele ya kuuza. Wafadhili: lipeni nutrisionisti arudi kila mwezi, mwaka muzima, kuliko semina ya siku moja. Musihesabu majina kwenye karatasi. Muhesabu mikono ya watoto yenye imetoka manjano.

Unga wa musaada unaisha. Mama mwenye amejua kupika atafundisha binti yake.