Kadi ya Bima na Bibi Anayechua

Mwalimu wa shule ya msingi kule Mkunya, Newala, jino likimsumbua hahangaiki kutafuta hela. Anakwenda hospitali na kadi yake ya bima, anahakikiwa dirishani, anang'olewa jino, anatia saini kwenye fomu, anarudi nyumbani. Deni linabaki kati ya hospitali na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Mwalimu huyohuyo, Jumamosi akishinda anapalilia mikorosho yake na jioni kiuno kikagoma kunyooka, atakwenda mtaa wa pili kwa bibi anayechua. Bibi ana mafuta ya nyonyo na ana vidole vya kazi. Mashine ya kuhakiki kadi hana. Hapo mwalimu atatoa taslimu, au jogoo.

Ndipo linapozuka swali la vijiweni: kama bima inalipia meno na miwani, kwa nini isimlipe na bibi anayechua? Na hawa wa sindano za Kichina, wanaochoma sindano nyembamba mgongoni bila dawa yoyote ndani, nao je?

Swali si la kuchekwa. Wapo wanaolipiwa. Kanada, mfanyakazi mwenye bima ya kazini anachuliwa na mtaalamu aliyesajiliwa, na mtaalamu anatuma madai kwa kampuni ya bima moja kwa moja. Marekani, bima ya serikali ya wazee, Medicare, ilianza kulipia sindano hizo tarehe 21 Januari 2020. Lakini sikiliza masharti yake. Ni kwa maumivu ya kiuno ya muda mrefu tu. Mgonjwa anaruhusiwa mara 12 ndani ya siku 90. Akionekana kupata nafuu anaongezewa mara 8, na kwa mwaka mzima hazivuki 20. Asipopata nafuu, malipo yanakoma. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno, liliweka mazoezi, kuchua na tiba ya sindano miongoni mwa huduma zinazoweza kumsaidia mgonjwa, likashauri dhidi ya dawa kali za jamii ya afyuni na hata ile mikanda ya kufunga kiunoni. Shirika hilo linakadiria kuwa watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno mwaka 2020.

Kwa hiyo tusiseme kuchua ni ushamba. Kunasaidia. Tatizo ni hesabu.

Mfuko wetu uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 ukaanza kazi Julai 2001. Mtumishi wa umma anakatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri anaongeza 3. Hospitali inalipwa kwa kila huduma iliyotoa: kumwona daktari bei yake, kipimo bei yake, dawa bei yake. Jino lililong'olewa linaacha pengo, mfupa uliovunjika unaacha picha ya eksirei, malaria inaacha jibu la maabara. Kuchuliwa kunaacha nini? Mgonjwa aliyechuliwa mara mbili na aliyeandikiwa mara kumi na mbili wanafanana, na ushahidi pekee ni saini kwenye fomu. Wamarekani wao wana ukomo wa mara 20. Penye mlango wa namna hiyo, komeo kama hilo linasaidia.

Sasa mtazame bibi yetu analipwaje. Ukifika unatoa kidogo, hela ya kufungulia mkoba. Anakuchua leo, anakuchua kesho, anakukanda na maji ya moto. Malipo yenyewe yanakuja ukishasimama: ukipona unarudi na kuku, au korosho, au chochote mlichopatana. Usipopona, hana uso wa kukudai. Yaani bibi analipwa kwa kupona kwako, na hospitali inalipwa kwa kuhudhuria kwako. Mimi naona utaratibu wa bibi una akili kuliko tunavyoupa heshima. Mpe fomu za bima, na kila ukifika pale awe na haki ya kudai malipo, umeanza kumfundisha kutokuponya haraka. Simtuhumu bibi. Nasema hivyo ndivyo malipo ya namna hiyo yanavyomvuta yeyote, mwenye shahada na asiye nayo.

Sheria ya kumtambua ipo. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza, na anayetibu kwa njia hizo anatakiwa kusajiliwa. Wachina wa sindano si wageni nchini: madaktari wa China walianza kuletwa Zanzibar mwaka 1964 na Tanzania Bara mwaka 1968, na miaka ya 1990 kliniki binafsi za Kichina zikaenea Dar es Salaam, nyingi zikitaka fedha mkononi. Lakini usajili na kulipwa na bima ni mambo mawili. Ili alipwe na bima, mtu anatakiwa awe na bei inayojulikana, kumbukumbu ya kila mgonjwa, na mkaguzi anayeweza kuja kuzifungua. Na zile nyumba za mjini zenye kibao cha "masaji" na taa nyekundu, tafadhali, hata tusizijadili hewani; hakuna mfuko wa umma utakaokubali kuletewa madai yake.

Kuna jambo ambalo wenye kadi wengi hawalijui, na hili ndilo lililonileta kwenye kipaza sauti leo. Katika orodha ya mafao ya Mfuko, pamoja na kumwona daktari, vipimo, dawa, kulazwa, upasuaji, macho na meno, imo huduma ya mazoezi ya viungo, ile ya fiziotherapia. Kuchua ni sehemu ya kazi ya mtaalamu huyo. Anakukagua, anakuchua, anakunyoosha, anakufundisha mazoezi ya kuendelea nayo nyumbani, na hospitali inaudai Mfuko. Yale tunayoyaulizia vijiweni, sehemu yake kubwa tayari tunakatwa kwenye mshahara. Watu wanaumwa kiuno mwaka mzima, wanaandikiwa diklofenaki kila mwezi, tumbo linaanza kuwaka, na hakuna aliyewaambia waombe kuandikiwa mazoezi.

Faida nyingine ya njia hiyo ni kwamba kabla ya mkono kuna jicho. Si kila kiuno ni cha kuchuliwa. Mguu ukifa ganzi, mkojo ukitoka bila taarifa, homa na jasho la usiku vikiandamana na maumivu ya mgongo, au maumivu yakianza baada ya kuanguka kutoka juu ya mwembe, huyo asiguswe kwanza. Kifua kikuu kinaingia hadi kwenye uti wa mgongo, na kuukanda mgongo huo ni kuongeza maafa. Wachuaji wazuri wanalijua hilo na wanawarudisha watu hospitali. Wabaya wanaongeza mafuta.

Hapo mwenye kadi ameshapata jibu. Asiye na kadi je? Huko kwenye uwanda wa juu wa Makonde wenye viuno vinavyouma zaidi si walimu. Ni mama anayeinama kuokota korosho moja moja kuanzia Septemba hadi msimu uishe. Ni kijana anayebeba mashine ya kupuliza salfa mgongoni. Ni bodaboda wa njia ya Newala na Masasi, ambayo wote tunaijua ilivyotutikisa miaka yote hii ya kusubiri lami. Ni wanawake waliobeba ndoo kupanda kutoka mabondeni kabla bomba kutoka Mitema, Kitangari, halijawafikia, na wale ambao hata leo maji yakikatika wanarudi kwenye ndoo.

Kwao kulikuwa na mfuko wa afya ya jamii, CHF iliyoboreshwa, shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka. Kisha Mfuko ukaja na Ushirika Afya kwa wakulima wa vyama vya ushirika, shilingi 76,800 kwa mtu mzima. Novemba 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Majina yanabadilika, hoja ya mkulima haibadiliki, "hela ya mara moja sina." Mwezi wa tatu, msimu wa korosho ukishapita, ni kweli hana. Lakini mnada wa kwanza wa msimu wa 2024 bei ya korosho ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Hizo 76,800, kwa bei hiyo ya mnada kabla ya makato, hazikufika kilo 20. Tunakatwa ushuru, tunakatwa pembejeo, tunakatwa za chama, na kwenye kila makato tunanung'unika, pengine kwa haki. Makato ya bima ndiyo pekee yanayorudi kwenye mwili wa mkulima mwenyewe, na wakati wa kuyapanga ni pale vyama vyetu vikuu vya ushirika, TANECU na MAMCU, vinapoandika malipo, si mgonjwa akishalala kitandani.

Sitaki pia kuuficha udhaifu wa bima. Tarehe 1 Machi 2024, Mfuko ulipoanza kutumia kitita kipya cha bei, baadhi ya hospitali kubwa binafsi zilisitisha kuwahudumia wanachama wake. Wenye kadi halali waliambiwa walipe taslimu. Mfumo wa kulipana juu kwa juu ni mzuri mpaka wakubwa wawili wagombane, kisha mgonjwa ndiye anayesimama katikati akiwa na kadi mkononi. Huku kwetu tunategemea zaidi hospitali za serikali kama Mkomaindo na Newala, na Ndanda ya Wabenediktini, kwa hiyo mtikisiko ule ulitupitia kwa mbali. Kero yetu ni ya aina nyingine: zahanati ya kijiji haina chumba cha mazoezi ya viungo. Mgonjwa wa kiuno akisafirishwa juu ya pikipiki mpaka mjini ili akanyooshwe mgongo, atarudi nao umepinda vilevile.

Kwa hiyo bibi aendelee kuchua, na aendelee kulipwa kuku. Mimi sioni haja ya kumvika fomu kwa sasa, ila ajisajili, na aonane na mratibu wa tiba asili wa halmashauri yake ili ajue ni mgonjwa gani wa kumkimbiza hospitali. Wewe mwenye kadi, safari ijayo ukienda na kiuno chako, mwulize daktari kuhusu mazoezi ya viungo kabla hajakuandikia vidonge vingine. Na fomu ukipewa, isome kabla ya kutia saini. Kama umehudumiwa mara moja na imeandikwa mara tatu, kataa, maana fedha hiyo ni yako na ya jirani yako. Waheshimiwa madiwani wa Masasi na Newala, nanyi bajeti ijayo mtuambie mna wataalamu wangapi wa fiziotherapia, wanakaa vituo gani, na mkulima wa Mkunya atamwona mmoja wao lini.