Mafua Mawili Katika Kifua Kimoja
Hotuba kwa watu wa Ndanai



Wahenga walisema kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Wafugaji wa Ndanai waijua kweli hiyo kwa macho yao. Yafaa kutazama kama mithali hiyo yahusu pia maradhi yashikayo vifua vya watoto wakati wa baridi katika nchi hii ya chai.

Mafua hayaletwi na baridi yenyewe, bali na vijidudu viitwavyo virusi, vidogo hata havionekani kwa darubini ya kawaida. Virusi haviwezi kuzaana peke yao. Huingia katika chembe hai ya pua au ya pafu, iitwayo seli, na kuifanya kiwanda chao.

Je, vikiingia vya namna mbili? Mwaka 1957, mjini London, wataalamu Alick Isaacs na Jean Lindenmann waligundua kwamba seli iliyoguswa na virusi hutoa kitu cha kuzionya seli jirani zijilinde. Walikiita intaferoni. Kwa sababu hiyo, virusi vilivyotangulia mara nyingine huvizuia vijavyo nyuma. Mwaka 2021 wataalamu wa Glasgow, katika Uskoti, walionyesha katika maabara kwamba virusi vya mafua ya kawaida vyaweza kuzuia virusi vya Korona visizaane.

Lakini mithali haitimii kila mara. Mwaka 2022, huko huko Glasgow, seli za mapafu ya binadamu zilitiwa virusi vya influenza pamoja na vile viitwavyo RSV, ambavyo huwaumiza sana watoto wachanga. Vingine vilitoka vimeungana kuwa kitu kimoja. Mseto huo uliweza kukwepa kinga inayopigana na influenza, na kuingia katika seli ambazo influenza peke yake haingiliki. Hayo yalionekana katika maabara, si katika mgonjwa. Hata hivyo ni onyo.

Basi mzazi asiseme, "Mtoto ana mafua tayari, hatapatwa na mengine." Kule Kilifi, uchunguzi wa nyumba 47 uliofanywa mwaka 2009 na 2010 ulionyesha kwamba mara nyingi RSV humfikia mtoto mchanga kutoka kwa ndugu yake mkubwa, hasa yule aendaye shule.

Kwa hiyo mwanafunzi anayekohoa asimbebe mchanga, wala asilale naye. Mama atokaye kuchuma chai na anawe mikono kwa sabuni kabla ya kunyonyesha. Na mtoto akipumua mbio mbio, au kifua kikibonyea ndani avutapo pumzi, au akikataa ziwa, asingojeshwe mpaka majani yapimwe. Apelekwe hospitali saa ile ile. Majani ya chai yatachipua tena. Pumzi ya mtoto ikikatika hairudi.