Kabla ya Kulipa Ada, Utazame Uwanja wa Michezo

Ndugu wazazi na walezi wa Sumbawanga na vijiji vya Ufipa,

Tumezoea kuzungumza nanyi kuhusu mizani ya sokoni, tarehe za mwisho wa matumizi ya bidhaa na umuhimu wa kudai stakabadhi. Leo tunazungumzia huduma ambayo wengi wetu huinunua kila muhula bila kuikagua. Nayo ni malezi na elimu ya mtoto mdogo katika vituo vya kulelea watoto wadogo mchana na katika shule za awali za binafsi, ambazo kwa mazoea tunaziita chekechea.

Ada ya chekechea si fedha ndogo. Kwa familia nyingi za uwanda huu ni gunia la mahindi, au madebe ya maharage yaliyokusudiwa kazi nyingine. Ni haki ya mzazi kuuliza amepata nini kwa fedha hiyo. Tatizo liko kwenye kipimo tunachotumia. Mtoto anaporudi nyumbani tunafungua daftari. Likiwa limejaa irabu, tunaridhika. Likiwa tupu na sweta limejaa udongo, tunanung'unika: "Nimelipa asome, si acheze."

Manung'uniko hayo yana matokeo. Mwenye kituo anayeogopa kupoteza wateja hupunguza saa za michezo, akaongeza saa za kunakili ubaoni. Daftari linajaa, mzazi anafurahi, lakini mtoto amepunguziwa kile hasa kilicholipiwa. Ndiyo maana tumeona tuwaeleze kinachofanyika uwanjani.

Tuanze na maji. Mimina kikombe kimoja cha maji katika bakuli pana, kisha uyahamishie kwenye chupa nyembamba mbele ya mtoto wa miaka 4. Muulize kama maji yameongezeka. Watoto wengi wa umri huo watajibu kwamba yameongezeka, kwa kuwa yamepanda juu zaidi. Jambo hili lilichunguzwa na mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, katika karne iliyopita. Mtoto anaweza kukaririshwa jibu sahihi, lakini kukariri si kuelewa. Anahitaji muda wa kukua, na anahitaji kumimina, kumwaga na kujaza tena kwa mikono yake mwenyewe. Makopo matatu ya ukubwa tofauti na beseni la maji, chini ya macho ya mlezi, ni somo la vipimo.

Hali ni hiyo hiyo kwa hesabu. Mtoto anayetenganisha maharage mekundu na ya njano, au anayepanga magunzi kutoka fupi hadi refu, anajifunza kulinganisha, kuweka katika makundi na kuhesabu vitu anavyovishika. Anayetamka moja hadi ishirini bila kushika kitu huenda amejifunza wimbo tu.

Kuandika nako huanzia mbali na penseli. Vidole visivyo na nguvu hushika penseli kwa ngumi na huchoka upesi. Kufinyanga udongo, kutunga shanga kubwa kwenye uzi na kuunda gari la mabua ya mahindi huvipa vidole nguvu na utulivu. Kupanda, kuruka na kuning'inia huimarisha mabega na mgongo, ambavyo mtoto atavihitaji atakapokaa dawatini.

Katika vijiji vyetu wako watoto wengi wanaoanza kusema kwa Kifipa, ilhali darasa la kwanza litawapokea kwa Kiswahili. Mchezo wa duka huwasaidia kuvuka daraja hilo. Muuzaji hutaja bei, mnunuzi huomba apunguziwe, mwingine hudai chenji yake. Kila mmoja ana sababu ya kusema, na akikosea hachekwi na darasa zima. Kwenye bembea nako, mtoto hujifunza kusubiri zamu na kudai haki yake bila kupiga mwenzake.

Haya hayapingani na masomo. Mtaala wa elimu ya awali wa Taasisi ya Elimu Tanzania unataka mtoto ajifunze kwa vitendo na michezo. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa mwaka 2021, imeweka ujifunzaji wa awali sambamba na afya, lishe, malezi yenye mwitikio na usalama. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inataja kucheza na kupumzika miongoni mwa haki ambazo mzazi ana wajibu wa kumhakikishia mtoto wake.

Hata hivyo, si kila uwanja unafundisha. Kabla ya kulipa, nendeni kituoni wakati wa michezo, mkae japo nusu saa, mkakague mambo yafuatayo.

Kwanza, ratiba. Ulizeni watoto hucheza nje kwa muda gani kila siku, na mvua ikinyesha hufanya nini. Asubuhi za Juni na Julai zina baridi kali hapa kwetu. Sweta na viatu vinatosha kuikabili, na si sababu ya kuwafungia watoto ndani siku nzima.

Pili, mlezi. Mlezi mzuri yuko kati ya watoto, anawatazama na kuwauliza: "Umejengaje? Kwa nini limeanguka?" Uwanja ambao watoto wameachwa peke yao si mahali pa kujifunzia, hata ukiwa na bembea kumi.

Tatu, vifaa. Msivutwe na rangi za plastiki. Magunzi, udongo, mbao zilizopigwa msasa, makopo yasiyo na ncha kali na matairi makuukuu hutosha, mradi ni vingi, visafi na mtoto anavifikia mwenyewe. Kifaa kilichofungiwa kabatini kwa ajili ya wageni hakimfundishi mtoto.

Nne, usalama. Tikiseni nguzo za bembea. Tazameni kutu, misumari na kamba zilizochakaa. Chini ya bembea na ubao wa kutelezea pawe na mchanga laini, si saruji. Kisima na pipa la maji viwe na mfuniko imara, na beseni limwagwe mara mchezo unapokwisha. Matairi yatobolewe yasituamishe maji ya mbu. Punje na shanga ndogo wasipewe watoto ambao bado hutia kila kitu mdomoni, kwani huweza kuwakaba.

Tano, kibali. Ombeni kuona cheti cha usajili wa kituo, na mdai stakabadhi kwa kila malipo. Mkiona kasoro, zungumzeni kwanza na mkuu wa kituo. Asiporekebisha, mwoneni Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yenu. Kwa shule ya awali, mwoneni Afisa Elimu. Hatari inayoweza kumdhuru mtoto leo isisubiri mazungumzo: mwondoeni mtoto hapo, kisha mtoe taarifa.

Ndugu wazazi, mwenye kituo husikiliza anayelipa. Tukiendelea kudai madaftari yaliyojaa, tutauziwa madaftari yaliyojaa. Tukidai uwanja salama, vifaa vya kutosha na mlezi anayezungumza na watoto, vituo vitakuwa na sababu ya kuvitoa. Jioni ya leo, kabla ya kufungua daftari, mwulizeni mtoto amecheza nini, amecheza na nani, na walifanyaje kilipowashinda. Katika majibu yake mtasikia alichojifunza.