Nani Atabaki Makete?



Nimeombwa niseme machache juu ya kwetu, Makete. Wengi wenu mnaijua kwa baridi na viazi tu. Ni wilaya ya milimani, mkoani Njombe. Vijiji vyake vimetawanyika, na miji yake ni midogo: Iwawa yaliko makao makuu, Tandala, Bulongwa, Matamba na Lupila. Juu kabisa ni uwanda wa maua wa Kitulo, uliofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005.

Ndugu zangu, sensa ya mwaka 2002 ilihesabu Makete watu 106,061. Ya mwaka 2012 ilikuta 97,266. Katika miaka hiyo 10 Taifa liliongezeka kwa watu milioni 10 hivi. Sisi tulipungua.

Sababu ni mbili. Ya kwanza ni Ukimwi, uliozika wazazi na kuwaacha watoto mikononi mwa bibi zao. Ya pili ni sisi wenyewe. Mkinga ni mfanyabiashara: mtafute Mbeya, Makambako au Kariakoo, utamkuta dukani. Hilo si kosa. Kosa ni kurudi nyumbani kwa mazishi tu. Nami simnyoshei mtu kidole. Nilipomaliza shule nilimwahidi mama kwamba nitarudi kuezeka nyumba yake kwa bati. Nilirudi kumzika, na nyumba ilikuwa bado ya nyasi.

Zamani tulisingizia barabara. Leo kuna lami kutoka Njombe hadi Makete. Lakini barabara haichagui: ile ile inayopandisha mbolea ndiyo inayoshusha vijana. Na kule Kitulo wako waliochimba mizizi ya okidi, chikanda, ikauzwa Zambia kwa chakula. Mzizi ukiisha kung'olewa, ua halirudi. Kijiji nacho ni hivyo hivyo.

Ombi langu ni dogo. Mwenye duka mjini anunue viazi vya kwao, tena kwa bei ya haki. Mwenye taaluma atoe likizo moja akafundishe au akatibu. Nanyi vijana, nendeni mkasome mbali, lakini msihesabu kurudi nyumbani kuwa ni kushindwa. Wala msingoje kama nilivyongoja mimi.