Kitabu Kisifungiwe Sandukuni

Maneno ya walimu wa shule za msingi za kambi, yaliyosomwa Nyamugari, Muyinga, katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani



  Tunawashukuru wenyeji wetu wa Nyamugari hapa Muyinga kwa kutupokea, pamoja na walimu waliofunga safari kutoka Nyamugari nyingine, ile ya Gitega. Vilima viwili vina jina moja, na tumekwisha kuona kwamba vina shida moja pia: watoto ni wengi, vitabu ni vichache.

Siku hii ya 20 Juni imeadhimishwa duniani tangu mwaka 2001. Mara nyingi hotuba zake huhusu chakula, maji, kuni na nyumba, na ni haki iwe hivyo, kwa maana mtoto mwenye njaa hasomi. Lakini mwaka huu Kamati imetuomba tuseme juu ya kusoma. Nasi tuna neno moja la kusema: kitabu kimoja kinachozunguka kwa walimu watano kinafundisha kuliko vitabu mia vilivyofungiwa sandukuni. Na wazo la mwalimu ni kama kitabu. Likifungiwa kichwani mwake, halimsaidii mtoto wa darasa la jirani.

Ndugu zetu, tueleze kwanza kwa nini jambo hili ni zito kwetu. Shule za wakimbizi wa Kongo katika kambi za Burundi zimefuata kwa miaka mingi programu ya Kongo, ili mtoto akirudi nyumbani asianze upya. Shule za vilimani zinafuata programu ya Burundi. Huko mtoto anajifunza kwa Kirundi miaka ya kwanza, kisha anaingia katika Kifaransa, na Kiswahili na Kiingereza anavisoma kama masomo. Mtoto wetu anakuja na Kiswahili cha Uvira, cha Fizi au cha Bukavu, na mbele yake kuna Kifaransa. Watoto hawa wawili wanachota maji kwenye bomba moja na wanacheza mpira pamoja, lakini wakiingia darasani kila mmoja anapewa ukurasa ambao mwenzake hawezi kuusoma.

Historia ya nchi hii imetufundisha hasara yake. Tangu mwaka 2002 Warundi zaidi ya 500,000 walirudi kwao, wengi wao kutoka Tanzania. Kati yao walikuwamo watoto na wajukuu wa wale waliokimbia mwaka 1972, waliokulia Ulyankulu, Katumba na Mishamo na kusoma kwa programu ya Tanzania. Mtoto aliyekuwa anasoma gazeti la Kiswahili bila kusita alifika hapa akakuta ubao umeandikwa Kirundi na Kifaransa. Akili yake ilikuwa ileile, lakini alionekana kama asiyejua kitu. Wengine walirudishwa madarasa ya chini wakakaa na wadogo zao, na kijana wa miaka kumi na minne akiketi na watoto wa miaka minane, haya humtoa shuleni upesi. Mwanzoni mwa mwaka 2025 watu zaidi ya 60,000 walivuka kutoka Kongo kuingia Burundi katika muda mfupi, na nusu ya msafara wa wakimbizi mara nyingi ni watoto au karibu na hapo. Kwa hiyo jambo hili si la zamani. Mtoto akipoteza miaka miwili kwa sababu ya lugha, hakuna mgao utakaomrudishia.

Wako watakaouliza: je, hakuna waliojaribu kabla yetu? Wapo, na ni vizuri tujifunze kwao.

Mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipojaa Ngara, ng'ambo ya mpaka wetu huu, UNESCO na UNICEF walipeleka kifurushi cha dharura cha mwalimu. Kifurushi kimoja kilikusudiwa kutosha mwalimu mmoja na watoto 80, arobaini asubuhi na arobaini mchana. Ndani yake mlikuwa na madaftari, penseli, vibao vya kuandikia na chaki, pamoja na vitambaa vilivyochapwa herufi na tarakimu. Tunavitaja vitambaa kwa makusudi. Kitambaa hakichaniki kwa mvua kama karatasi, kinakunjwa mfukoni, na kinaweza kutundikwa juu ya mti.

Kenya, mwaka 1996, huduma ya maktaba ya taifa ilianza kupakia vitabu juu ya ngamia ili viwafikie wafugaji wa kaskazini mashariki. Wale walielewa kwamba kama msomaji hawezi kuifuata maktaba, maktaba imfuate msomaji. Tanzania, tangu mwaka 1991, Mradi wa Vitabu vya Watoto umesaidia waandishi na wachapaji kutoa vitabu vya hadithi vya Kiswahili kwa shule za msingi.

Na hapa kwetu Burundi, mwaka 2014, shirika la Bibliothèques Sans Frontières lilileta maktaba yake ya kubebeka iitwayo Ideas Box katika kambi za wakimbizi wa Kongo, zikiwemo Kavumu na Bwagiriza. Zilikuwa za kwanza duniani. Masanduku yale yakifunguliwa hugeuka meza, viti, vitabu, kompyuta na sinema.

Tukiviangalia vyote hivi, vya bei kubwa na vya bei ndogo, tunaona kwamba kila kimoja kilihitaji mtu wa kukifungua, kukieleza na kukipitisha kwa mwingine. Mtu huyo ni mwalimu. Mradi una mwanzo na mwisho wake, bali walimu wakizoea kugawana, desturi hiyo inabaki baada ya gari la mradi kuondoka.

Sasa tuseme tunayoyafanya na tunayopendekeza tuyafanye pamoja, kambi na vilima.

Kwanza, sanduku linalozunguka. Kila shule itoe vitabu vichache vya hadithi, hata kama ni sita tu. Viwekwe katika sanduku moja la bati, na sanduku likae wiki mbili katika kila shule kisha liende shule inayofuata. Ndani yake liwemo daftari moja. Katika daftari hilo mwalimu asiandike jina la kitabu na tarehe tu, bali aandike pia alichofanya nacho: watoto walicheka wapi, neno gani liliwashinda, swali gani liliwafanya wazungumze. Mwalimu anayepokea sanduku atapokea vitabu pamoja na akili ya wenzake wote waliomtangulia.

Pili, magunia na maboksi. Gunia la unga likifuliwa na kukatwa ni kitambaa cha kuandikia silabi, sawa na vile vitambaa vya Ngara. Boksi la mafuta likikatwa vipande ni kadi za herufi. Mwalimu mmoja akiandika seti ya kadi za ma, me, mi, mo, mu, mwingine aandike za ba na za ka, kisha wabadilishane. Kazi ya wiki inakuwa kazi ya mchana mmoja.

Tatu, daraja la Kirundi na Kiswahili. Lugha hizi ni ndugu, nasi tumezitenga kama wageni. Andikeni ubaoni: umwana na mwana, umuntu na mtu, izina na jina, amazi na maji, amaso na macho, imvura na mvua, inyama na nyama, imbwa na mbwa. Mtoto atayaona mwenyewe. Irabu ni zilezile tano. Mwalimu afundishe tofauti zilizo chache. Kirundi kinaandika c pale Kiswahili kinapoandika ch. Mtoto wa Kirundi amezoea irabu mbele ya neno, kwa hiyo mtu na mti vitamkwaza kidogo, na th, dh na gh atazikuta kwa mara ya kwanza. Hayo ni masomo ya wiki chache, wala si sababu ya kumrudisha mtoto darasa la kwanza. Na mtoto wetu wa Kongo anayesema batoto badala ya watoto tusimcheke. Tumwonyeshe kwamba kitabuni neno lile limevaa nguo nyingine.

Nne, hadithi za wazee. Kambi hii imejaa vitabu vinavyotembea kwa fimbo. Mzee asimulie, watoto wa madarasa ya juu waandike, mwalimu asahihishe, na kurasa zishonwe kwa uzi. Kitabu hicho cha kurasa nane kinaweza kuandikwa upande mmoja kwa Kiswahili na upande wa pili kwa Kirundi, na hapo watoto wa pande zote mbili watakuwa na ukurasa wa pamoja. Kwa walimu wanaofikia simu au kompyuta, zipo pia hadithi za African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, ambazo zinatolewa bure na kuruhusiwa kuchapwa, kunakiliwa na kutafsiriwa.

Tano, dakika kumi. Kila siku mwalimu asome kwa sauti dakika kumi bila kuuliza mtihani. Pale kitabu ni kimoja na watoto ni tisini, hii ndiyo njia ya kila mtoto kupata kitabu kizima.

Sita, mkutano wa walimu. Jumamosi moja kwa mwezi, saa mbili tu, kila mwalimu aje na somo moja lililofaulu na swali moja linalomsumbua. Pasiwe na hotuba ndefu wala ukaguzi. Mwalimu kijana aweze kumwuliza mwalimu mzee bila woga, na mwalimu mzee akubali kujifunza wimbo wa silabi kutoka kwa kijana.

Ndugu zetu, lipo jambo gumu ambalo hatutalificha. Vitabu hufungiwa kwa sababu ya hofu. Tunaijua shule moja ambayo vitabu vipya vilikaa stooni mwaka mzima kwa kuwa mwenye ufunguo aliogopa kuulizwa hesabu. Mchwa hawakuomba ufunguo. Orodha ilikuwa kamili na vitabu vilikuwa unga. Tunaielewa hofu ile, kwa maana mwalimu hana mshahara wa kulipia kitabu kilichopotea, na mzazi wa kambini hana pia. Ndiyo sababu tunaomba Kamati na mashirika tukubaliane leo mbele ya wote: kitabu kilichochakaa kwa kusomwa kihesabiwe kuwa kimefanya kazi yake. Kilichochanika kishonwe na kugandishwa kwa uji wa unga wa muhogo. Na kikipotea, mtoto asitozwe fedha wala asifukuzwe, bali aandike na kuchora hadithi moja mpya ili pengo la sandukuni lizibwe.

Kwa wafanyakazi wa mashirika tuna maombi manne, nayo tunayatoa kwa heshima. Mnapoleta vitabu, leteni nakala nyingi za vitabu vichache, kwa sababu nakala arobaini za hadithi moja hufanya darasa lisome pamoja, na vitabu arobaini tofauti huishia kabatini. Leteni vya Kiswahili na Kirundi pamoja na vya Kifaransa. Tuulizeni kabla ya kununua. Na mtusaidie vibali vya kutoka kambini siku za mkutano, ili mwalimu wa kambi na mwalimu wa kilima wakutane bila wasiwasi.

Kwa wazazi, hatuwaombi fedha. Tunaomba mtoto akirudi na kitabu apewe mahali pakavu pa kukiweka, na jioni kabla giza halijaingia aambiwe, "Hebu tusomee." Hata mzazi asiyejua herufi anaweza kusikiliza, na mtoto anayesikilizwa husoma tena kesho.

Kwenu wanafunzi, mkikutana bombani na mwenzenu wa upande wa pili, mfundisheni neno moja na mwombe neno moja. Hivyo ndivyo walimu wenu wanavyotaka kufanya pia.

Ndugu Mwenyekiti, sanduku la kwanza liko hapa mbele. Lina vitabu kumi na vinne na daftari moja jipya. Tunaomba baada ya maneno haya walimu wakuu wabaki kidogo tupange zamu, ili lisirudi tulikolitoa bali liondoke leo na mwalimu wa kwanza.